Kuvu Katika Nyumba Kubwa

Wivu wa Nyangi haukuwa wa kujificha. Kuna wanawake wakiwa na wivu wanajichekesha, wanamsalimia mke mwenza kwa sauti laini huku ndani wanachemka. Nyangi hapana. Yeye akikuonea wivu utajua wewe, atajua jirani yako, na hata mpita njia anayekwenda soko la Mwigobero kununua samaki furu wa mboga atajua pia.

Na tusimwonee bure, sababu alikuwa nayo. Aliolewa na Wanzagi kule Butiama wakati Wanzagi hana mbele wala nyuma. Akamzalia Enoka na wadogo zake, akalima, akangoja, mpaka mume akapata kazi ya kutunza ghala kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Musoma mjini. Sasa mambo ndiyo yanaanza kunyooka, mtu anapata mshahara na kofia, anatumwa Bunda msimu wa pamba, anarudi na nini? Anarudi na Lukresia, binti wa mkulima wa Guta, mrefu, mpole, meno yote yako kinywani. Hebu niambie wewe ungefanyaje.

Nyumba waliyopewa ilikuwa ya zamani, ya mawe na udongo iliyopakwa chokaa. Aliijenga mfanyabiashara mmoja wa Kihindi enzi za Waingereza, akaishi karibu na ziwa hapo hapo Mwigobero, kisha akaondoka na watu wake, ikaja kugawiwa wafanyakazi. Mbele kulikuwa na chumba kikubwa chenye kuta nene na madirisha mawili, moja la kutazama ziwa, moja la kutazama uani. Nyuma ya ua kulikuwa na stoo ndogo ya matofali, imeinuliwa juu ya msingi, na matundu ya hewa chini ya bati. Lukresia alipofika, Nyangi alisimama mlangoni pa chumba cha mbele, mikono kiunoni, akasema, "Mimi ndiye nyumba kubwa. Nitakaa kwenye nyumba kubwa." Hakuna aliyembishia. Lukresia akaenda kukaa stoo.

Shida ilikuwa lile dirisha la uani. Ukilifungua unaona mlango wa Lukresia wazi wazi, unaona nani anaingia, na unasikia wakicheka. Nyangi alivumilia mwezi mmoja, wa pili akachukua nyundo na misumari akalipigilia. Bado alisikia kicheko. Akasukuma kabati likaziba dirisha. Bado. Akapanga magunia ya mtama na makopa ukutani kote, toka sakafuni mpaka juu, na kile kitanda akakibana kwenye kona. Dirisha la ziwani nalo alikuwa halifungui kwa sababu ya mbu. Basi chumba kikawa kimya, na Nyangi akapata usingizi.

Harufu ilianza kwenye koti la Wanzagi. Lilikuwa koti lake la kanisani, la kahawia, analining'iniza nyuma ya mlango kwa Nyangi. Jumapili moja akalivaa, akalinusa, akalivua. Mabegani palikuwa na madoa ya kijani, na linanuka uvundo kama kiatu kilichosahaulika mvuani. Wanzagi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilifua mwenyewe, akalianika, jioni akalitundika kwa Lukresia. Wiki iliyofuata likafuata shati, kisha suruali. Nyangi aliona nguo zinavuka ua moja moja na akajua mwenye nguo naye anazifuata. Ndivyo ilivyokuwa. Zamu ya Nyangi ikifika, Wanzagi anakuja, anapiga chafya, anasema kifua kinambana, anarudi alikotoka. Roho ilimuuma Nyangi mpaka chakula hakipiti. Kwake jambo lilikuwa wazi kabisa, yule wa Guta amefanya kitu.

Siku moja wakiwa uani wanapepeta, Lukresia akajikaza akasema, "Dada, samahani. Sisi kule Guta tukivunaga pamba hatuiegemezi ukutani. Tunaiweka juu ya miti, tunaacha nafasi hewa ipite. Ikiegemea ukuta inapata unyevu, siku ya kuuza wanaiita fifi, ile chafu ya bei ya chini. Ungesogeza yale magunia yako, ukafungua na dirisha."

Nyangi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo mimi ndiye fifi?"

"Sijasema wewe, dada. Nimesema pamba."

"Na wewe ndiye pamba safi, si ndiyo? Ndiyo maana unanunuliwa kila siku."

Lukresia akaendelea kupepeta. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini kwa mdomo ule Nyangi asingeupokea hata angeambiwa nyumba inaungua. Jioni hiyo akaongeza gunia jingine.

Basi ndiyo ikaja habari ya mama mkwe. Mwaka ule ulikuwa wa Operesheni, watu wa Butiama walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na boma la zamani la Bibi Wegesa, mama yake Wanzagi, lilikuwa limeshabomolewa. Nyumba yake mpya kule kijijini ilikuwa na kuta bila paa. Na bibi mwenyewe alikuwa na pumu. Wanzagi akasema, "Mama Enoka, mama atakuja kukaa hapa mpaka nyumba yake iezekwe. Atakuwa anakwenda hospitali."

"Atalala wapi?" Nyangi akauliza.

"Si kwa mke mkubwa? Kwani kwetu analalaga wapi?"

Hapo Nyangi akapumua. Maana kwa watu wa kwao mama mkwe akija anashusha mzigo kwa mke mkubwa, anakula kwa mke mkubwa, analala kwa mke mkubwa. Akilala kwa mdogo, habari inafika Butiama kabla ya basi. Watu wanasema yule mkubwa ameisha, mama mzima amempita mlangoni. Mume alikuwa ameshakwenda na nguo zake. Kilichobaki kwa Nyangi ni jina la nyumba kubwa, na jina hilo lilikuwa linakuja na basi kutoka Butiama, limefungwa kwenye kanga pamoja na mzigo wa mama mkwe. Hilo asingekubali kulikosa, liwe liwalo.

Akaanza kuandaa nyumba. Na aliiandaa kama alivyofundishwa na mama yake. Alikwenda Buhare kwenye mazizi, akarudi na mavi ya ng'ombe ndoo kwa ndoo, akachanganya na udongo na majivu, akakandika kuta za ndani juu ya ile chokaa ya Mhindi, akazilainisha kwa kiganja mpaka zikang'aa. Nje nako hakuacha. Akabeba udongo, akaushindilia kuzunguka ukuta wa ziwani, akajenga kibaraza kizuri cha kukalia, kimepanda mpaka juu ya mawe ya msingi na kugusa plasta. Kazi safi kweli. Ingekuwa nyumba ya miti na nyasi kule Butiama, yenye moto unaowaka katikati siku zote na moshi unaokausha kila kitu, wanawake wangekuja kuitazama.

Wanzagi alipita akatazama, akakuna kichwa. "Mama Enoka, hii si nyumba ya Butiama."

"Na mama yako anatoka wapi, Ulaya?"

Wanzagi akaenda zake kazini.

Bibi Wegesa alishuka kwenye basi, mdogo, mkavu, ameshika fimbo. Nyangi alikuwa amesimama pale stendi toka asubuhi asije akatanguliwa. Aliuchukua ule mzigo, akaubeba mwenyewe, akapita nao uani polepole mbele ya Lukresia, polepole zaidi ya ilivyohitajika. Bibi akaingia chumba cha mbele. Akasimama kidogo mlangoni, akageuza uso huku na huku. Kisha akagusa ukuta kwa vidole, akasema, "Umekandika vizuri, mwanangu," akaweka fimbo yake pembeni. Nyangi alijisikia kuimba. Siku zile za mwanzo ndizo alizokuwa na raha kuliko zote toka aje mjini. Anapika, anapakua, anavuka ua na sahani ambayo haikuwa na haja ya kuvuka ua.

Mvua za vuli zikaja. Mvua ya ziwani unaijua, inakuja imelala, inapiga ukuta mmoja tu mpaka unalowa kabisa. Kibaraza cha Nyangi kikanywa maji, na maji yakapata njia ya kupanda kwenye mawe. Kwenye kona palikuwa na bati limetoboka, nako kukavuja. Ukuta wa ndani ukakataa kukauka. Asubuhi moja Nyangi akaona kitu cheupe kimeota juu ya makandiko yake, laini kama manyoya ya kifaranga. Akakipangusa kwa kitambaa kabla bibi hajaamka. Kesho yake kimerudi, kimepanuka. Wiki iliyofuata kilikuwa cheusi, madoa kwa madoa, kutoka nyuma ya magunia mpaka juu ya kitanda, na ule uvundo ukawa mzito kiasi kwamba ukiingia kutoka nje unausikia kooni.

Nyangi alifanya nini? Alifunga kanga ukutani. Kanga tatu, zimepangwa vizuri, utasema pambo. Maana akisema chumba kimeoza, bibi atapelekwa wapi? Kuna sehemu moja tu kavu kwenye ule ua, na mwenye sehemu hiyo alikuwa anajulikana.

Bibi akaanza kukohoa. Kwanza usiku, baadaye mchana kutwa. Wakampeleka hospitali, Nyangi kamshika mkono huu, Lukresia kamshikia mwavuli. Daktari akamsikiliza kifua, akauliza, "Anapolala pakoje? Pakavu? Pana hewa?"

"Pakavu kabisa, daktari," Nyangi akasema.

Lukresia akamtazama. Alimtazama tu, na Nyangi akatamani aseme, wagombane pale pale mbele ya watu wenye vidonda, yaishe. Walitembea njia nzima kurudi nyumbani, bibi katikati yao anapumzika kila baada ya hatua chache.

Jioni Lukresia akamfuata jikoni. "Dada, mimi sitaki ugomvi. Mama alale kwangu usiku tu. Mchana anarudi kwako, chakula anakula kwako. Watu hawatajua."

"Umechukua makoti," Nyangi akasema, "umechukua mwenye makoti. Sasa unataka na mama yake. Enoka akifunga shule nitakuletea naye."

"Dada, anabanwa."

"Amekuja anabanwa. Ndiyo pumu yenyewe hiyo. Au nayo huko Guta mnaitibu kwa kuiweka juu ya miti?"

Lukresia akatoka. Tuseme ukweli, Nyangi hakuwa mjinga. Alijua. Tangu siku alipofunga zile kanga alikuwa anajua, na kila alipokuwa anajua anajisemea kesho jua litatoka, kesho ukuta utakauka. Mtu mwenye donge rohoni anaweza kungoja jua muda mrefu sana.

Ikafika Alhamisi moja. Wanzagi yuko Bunda kwa kazi ya pamba. Baada ya chakula cha mchana mvua ikashuka kutoka ziwani, bati zinapiga kelele, chumba kikawa giza. Nyangi alikuwa anachagua mchele akasikia sauti ya ajabu kutoka kitandani, kama mtu anayevuta hewa kwenye mrija ulioziba. Bibi Wegesa ameketi, ameshika kingo za kitanda, mabega yanapanda na kushuka, na midomo imebadilika rangi. Nyangi akaogopa, akafikiri ni baridi, akavuta kanga ya ukutani amfunike. Kanga ikaja. Na nyuma yake ukuta wote mweusi, umelowa, unashuka vipande, karibu kabisa na mto wa bibi. Vumbi la ile kuvu likaruka kwenye uso wa mgonjwa.

Alisimama na ile kanga mkononi. Nitasema jinsi ilivyokuwa, wala sitampamba. Alisimama muda mrefu kuliko anavyostahili kusimama mtu ambaye mwenzake anakosa pumzi. Alitazama mlango, akaona ule ua, akaona jinsi wapangaji wa upande wa pili wa nyumba watakavyochungulia, akasikia kabisa wanawake wa Butiama kisimani wakisema amembeba mwenyewe, amempeleka mwenyewe kwa mdogo. Bibi alikuwa anamtazama. Hakuomba kitu, alimtazama tu huku anavuta hewa isiyokuja. Ndipo Nyangi akatupa kanga, akageuka, akachuchumaa, akampandisha mgongoni kama mtoto. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtia Nyangi hofu zaidi.

Akavuka ua mvuani. "Lukresia," akaita, na lilikuwa jina ambalo hajawahi kulitamka, kwake siku zote alikuwa yule wa Guta. "Lukresia, fungua mlango."

Mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza.

Nyangi alikuwa hajawahi kuingia kwenye ile stoo. Alikuwa ameijaza kichwani mwake kwa mito na mashuka ya kila namna. Kumbe palikuwa na kitanda kimoja kimesogezwa mbali na ukuta, magunia mawili juu ya vipande vya mti, koti la kahawia kwenye msumari wa darini, na hewa inayoingia juu chini ya bati. Hapakunuka kitu. Hata katika dharura ile, na mama mkwe mgongoni, lile koti lilimchoma moyo. Walimkalisha bibi wima, wakamlegeza nguo, wakampa dawa ya hospitali kwa kijiko, Lukresia anampepea, Nyangi anamsugua mgongo. Walikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Polepole ile sauti ya mrija ikalegea, mabega yakatulia, na bibi akalala akiwa ameegemea kifua cha Lukresia, maana ndiye aliyekuwa upande ule.

Kesho yake Nyangi akauvamia ule ukuta. Alitoa magunia yote nje, makopa ya chini yalikuwa yameshakuwa ya kijani, akayatupa. Alitoa kabati. Aling'oa misumari ya dirisha la uani, akasukuma mabawa yake mpaka yakagonga ukuta wa nje. Akakwangua makandiko yake kwa panga, yale yale aliyoyalainisha kwa kiganja, akayazoa kwa karai, amejifunga kitambaa puani. Kisha akatoka nje na jembe, akakibomoa kibaraza. Chini yake mawe yalikuwa yanatoka maji kama yametolewa ziwani sasa hivi. Alichimba mpaka msingi wote ukaonekana, akachimba na mfereji wa kupeleka maji barabarani. Akachemsha maji ya magadi, akasugua kuta kwa brashi mara ya kwanza, na zilipokauka akasugua tena. Wanzagi aliporudi kutoka Bunda alikuta mke wake mkubwa amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Alipanda juu akabadilisha lile bati, Jumamosi akaleta chokaa.

Lakini ukuta mnene wa mawe hauna haraka, unakauka unavyotaka wenyewe. Wiki zikapita, dirisha liko wazi, na kila neno la kule nyuma linaingia. Bibi Wegesa akipata nafuu ana maneno, na Lukresia ana subira ya kusikiliza. Nyangi akipaka chokaa anasikia mama mkwe wake akicheka, kicheko ambacho yeye, pamoja na miaka yake yote ya kumpikia, hakujua kama anacho. Na habari ilikuwa imeshafika Butiama, bila shaka. Jirani mmoja wa huko alikuja mjini kuuza kuku, akamsalimia Nyangi kwa huruma, na huruma ile ilimkera kuliko tusi.

Chumba kilipokauka kweli kweli, cheupe, kina hewa, kitanda kiko katikati mbali na ukuta, alioga, akavaa kanga safi, akavuka ua. Bibi Wegesa alikuwa kitandani, Lukresia pembeni yake, wanamenya karanga kwenye ungo. Mlango uko wazi na wapangaji wanafua hapo hapo nje.

"Mama, chumba kimekauka," Nyangi akasema. "Nimekuja kukuchukua."

Bibi akamenya karanga moja, akaitia kwenye ungo. "Ile harufu niliisikia siku ile ile nilipofika. Kabla hata sijaweka fimbo."

Nyangi akauliza, "Uliisikia, mama? Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ningesema, ungedhani nimemchagua huyu. Nilishuka kwenye basi nikayaona macho yako. Nikasema huyu mtoto amenisubiri sana, amenikandikia nyumba, acha nilale kwake. Nitakohoa tu."

"Lakini ungekufa, mama."

"Ningekufa kwa mke mkubwa wa mwanangu," bibi akasema. "Hakuna ambaye angekusema vibaya."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na vidole vyake havikuacha kumenya. Jina lile alilolipigania lilikuwa lake toka mwanzo, alipewa mlangoni siku ile bibi alipofika, na aliyempa alikuwa tayari kulilipia kwa pumzi zake. Na yeye akafunga kanga ukutani.

Lukresia akainuka ili ampishe pale kitandani.

"Kaa," Nyangi akamwambia. Kisha akamgeukia bibi, akasema kwa sauti ambayo hata wale waliokuwa wanafua waliisikia, "Mama, wewe lala hapa hapa kwa Lukresia mpaka mvua ziishe zote. Ule ukuta wangu bado siuamini."

Maneno yalimtoka kwa shida. Nyangi akaketi chini kwenye mkeka. Lukresia akamsogezea ungo bila kumtazama usoni. Wivu ulikuwepo bado, alipoliona lile koti ulimuuma pale pale ulipozoea kumuuma. Akachukua konzi ya karanga, akaanza kumenya.